Ndani ya Boti Moja na Baba Mkwe

Nyie wa saluni mmenichosha na swali moja: picha za boti ziko wapi. Picha hakuna. Simu ilikuwa mfukoni lakini mikono ilikuwa na kazi nyingine. Basi naandika mara moja, msome wote, niache kusimulia upya kila mteja akikaa kwenye kiti. Nani alilipia nini, karatasi gani ziliulizwa getini, hayo naruka. Hayana utamu.

Safari ilikuwa ya bwawa kubwa la Mto Orange, kusini huko kwenye ukame, mahali watu wa Afrika Kusini hii wanakwenda kuvua samaki, kuendesha boti na kulala kwenye mahema kwa hiari yao wenyewe. Ilikuwa 2019, majuma machache tangu maduka ya sisi wageni mjini yachomwe. Meza ya Shabani ya kutengeneza simu iliungua na zingine. Shabani ni mume wangu, baba wa Zuhura. Baba yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Handeni, na Shabani akasema tumtoe mzee nje ya jiji apumue kidogo. Nikasema sawa. Laiti ningejua.

Kutoka Marshalltown, kwa saa ya Papa Dodo

Kombi na boti ni za Papa Dodo, yule Mkongo wa Bukavu anayeshona suti za watu wa kanisani kwao. Kila mwaka anashuka bwawani kuvua. Alisema tuondoke alfajiri. Alfajiri tulikuwa barabarani kweli, tumesimama na mabegi, ila kombi haikuwepo. Alipofika, taa za trela ya boti hazikuwaka. Akalala chini ya trela na koti lake zuri, watu wanampita wakienda kazini, anaimba. Jua lilipanda juu ya maghorofa ndipo tukafika robot ya kwanza, taa za barabarani.

Sasa mpangilio wa viti, maana ndiko shida yote ilikokaa. Kwetu Handeni, na kwenye ukoo wa Shabani ndiyo usiseme, baba mkwe humtazami usoni, humwiti, huli naye, hulali naye chini ya paa moja. Ukiwa na neno lake unalipitisha kwa mtu. Huku Joburg mzee alilala kwa mtu wa kwao, ghorofa ya chini yetu. Neno langu kwake lilipita kwa Shabani, na lake kwangu vilevile. Kwamba uji wangu anaupenda, niliambiwa na Shabani. Mafuta ya mgongo niliyomchemshia, alipelekewa na Shabani. Nilidhani mambo yanakwenda vizuri.

Kwa hiyo mzee alikaa mbele na Papa Dodo, Shabani katikati, mimi nyuma kabisa na Zuhura na ndoo ya chambo. Chambo chenyewe ni mahindi yaliyochemshwa na kulowekwa sharubati ya pinki. Yananukia keki ya harusi. Tulipovuka Mto Vaal nikamkuta Zuhura ana punje mashavuni.

"Tema. Hicho ni chakula cha samaki."

"Kitamu," akasema. Mnamjua mwanangu, ana miaka sita, Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yanatoka Kizulu na Kiingereza. Neno "kitamu" analo.

Kituo cha mafuta, Free State

Beringi ya tairi la trela ikaungua. Tukavutwa mpaka kituo cha mafuta, na fundi akasema kifaa kinatoka mji mwingine. Wanaume wakakaa mezani kula kuku na chipsi. Mimi nikachukua sahani yangu nikaenda kusimama nyuma ya kombi.

Mama mmoja wa Kisotho aliyekuwa anafagia pale akaniona. Akaenda, akarudi na kiti cha plastiki, akanikalisha, yeye akachuchumaa mbele yangu na ufagio wake. Akaniuliza polepole, kwa Kizulu ili nielewe, kama yule mwanaume mezani ananipiga. Nikamwambia hapana, pale mezani yupo baba mkwe.

Akacheka mpaka akashika ufagio kwa mikono miwili. "Hlonepha," akasema. Heshima ya ukweni, nao wanayo. Akanionyesha kitambaa alichojifunga mabegani, anakivaa hata kazini, maana mkwewe anapita pale kununua tumbaku. "Mimi akitokea naingia chooni," akasema. "Meneja anadhani nina ugonjwa wa tumbo." Tulicheka wote. Ndiyo mara ya mwisho kucheka siku ile.

Papa Dodo alikuja kuchukua maji. Ana moyo mzuri yule, na mdomo wake hauna mlango.

"Mama Zuhura, usihuzunike sana. Ni muzuri mutoto aone mayi mingi mbele ya kurudia Tanzania na babu yake."

Nikamuuliza, "Mtoto gani?"

Akanitazama. Akatazama chupa ya maji. "Eish," akasema, akaondoka.

Nilimvuta Shabani nyuma ya choo. Hata hakukataa. Akasema baba kaamua. Kasikia habari za moto, hawezi kumwacha mjukuu wake wa pekee kwenye nchi inayochoma watu. Atakwenda naye kwa basi juma lijalo.

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini? Ni baba. Neno lake likitoka halirudi, unamjua."

"Simjui. Sijawahi kuongea naye."

"Ndiyo hivyo, kaamua. Tutaongea nyumbani."

"Tutaongea sasa hivi."

"Punguza sauti, mzee atasikia."

Na mimi, jamani, nikapunguza sauti. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu ananiambia mwanangu anaondoka, na mimi napunguza sauti.

Barabara ya kusini

Kutoka pale mpaka bwawani ugomvi wetu ulisubiri. Ukigombana na mume mbele ya mkwe umejivua nguo. Nikakaa na hasira yangu nyuma, na ndoo inanukia keki, na Zuhura amelala mapajani, na kisogo cha mzee kule mbele, kofia nyeupe, hakigeuki. Nikakichukia kisogo kile. Nilikuwa nakitukana kimoyomoyo mji hadi mji.

Baada ya Bloemfontein miti inakwisha. Unaona nyasi za rangi ya mkeka wa zamani, halafu hata nyasi zinakata tamaa, vinabaki vichaka vifupi na mawe na vilima vilivyokatwa vichwa. Kondoo wapo lakini sijui wanakula nini. Nilitaka gari lisimame nishuke. Nilitaka pia lisisimame kamwe, maana likifika, tukirudi, mtoto anaondoka. Miguu ilikuwa haitulii. Shabani akageuka mara moja kunipa biskuti. Nilimtazama, akaila mwenyewe.

Kambini

Bwawa lilikuwa limerudi nyuma kwa ukame. Mteremko wa zege wa kushushia boti uliishia kwenye tope lililopasuka kama kisigino, na maji yako mbali kule, ya rangi ya chai ya maziwa. Kambi ilijaa. Karavani, mahema makubwa kuliko chumba chetu, majokofu, redio, mbwa wana vitanda vyao.

Papa Dodo alisimamisha hema moja.

"Vyumba viwili," Shabani akaniambia, anafungua zipu kunionyesha. "Baba kule, sisi huku. Kuna ukuta."

"Ukuta wa kitambaa. Paa ngapi?"

Akatazama juu. Kama vile hakulijua paa lile.

"Moja," nikamjibu mwenyewe. Nikachukua blanketi na mtoto nikaenda kulala kwenye kombi. Upepo wa kule unaanza jioni, na unatikisa gari kama mtu aliyesahau funguo.

Kabla ya hapo tulikula, na hapo pia kulikuwa na sinema. Papa Dodo alileta soseji za nguruwe akatuachia sisi Waislamu jiko letu la mkaa kando, na kazi yake ilikuwa kupiga kelele kila nusu saa kwamba koleo la kwake lisiguse jiko la kwetu. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kikaburu mwenye kaptura fupi na miguu myekundu. Alivuta samaki ambaye jina lake silijui, wa magamba makubwa, mnene kama mtoto wa mwaka. Mzee wetu akasimama kutazama. Yule Kaburu akamlaza samaki kwenye godoro dogo, akamwagia maji, akampaka dawa mdomoni pale ndoana ilipotoboa, akambusu, akamrudisha bwawani.

Mzee akamfuata samaki kwa macho mpaka akazama. Halafu akamwambia Shabani, "Muulize Papa Dodo kama yule mtu ni mzima."

"Ni muzima, Baba," Papa Dodo akasema. "Wazungu banavuaka samaki, banapiga foto, kisha banamurudisha mu mayi. Miye namurudisha mu sufuria."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa nimewapa mgongo, nachambua mchele, nawaza jinsi ya kumficha mtoto wa miaka sita.

Majini

Asubuhi upepo ulitulia. Papa Dodo akasema atawapeleka mzee na mjukuu kwenye boti. Shabani maji anayaogopa, alibaki ufukweni na jiko. Nikasema na mimi nakwenda.

"Utakaa vipi na baba kwenye boti?" Shabani akaninong'oneza.

"Kwa makalio."

Boti ni ndogo, ya bati, ina mashine ya kushika kwa mkono nyuma. Nikakaa pua ya mbele kabisa, uso kwenye maji, mgongo kwa watu wote. Zuhura katikati. Papa Dodo akamfundisha mzee kuendesha, na mzee hakuhitaji mafunzo mengi, maana maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine kwenye mashamba ya mkonge. Papa Dodo akaridhika, akashuka kwenye rasi kutega fimbo zake za kuvulia. "Zunguka hapa karibu, Baba, kisha unirudilie."

Tukazunguka. Zuhura anacheka, mkono majini. Nyuma yangu nasikia mzee anamwimbia kitu cha Kizigua kwa sauti ya chini. Ningekuwa na kisu ningekata wimbo ule. Unamwimbia mtoto unayemwiba.

Hapo nikaona nguzo. Kichwa cha nguzo ya mti kinachungulia majini, halafu kingine, vimejipanga mstari. Chini yake waya. Kulikuwa na shamba pale kabla bwawa halijajazwa, na maji yaliporudi nyuma uzio wa shamba ukarudi juu. Mimi nauona vizuri, niko mbele. Anayeendesha ni mzee.

Nikafanya nini? Nikasema, "Zuhura, mwambie babu akate kushoto, kuna waya."

"Ini, Mama?" Yaani nini.

"Mwambie babu, kushoto. Waya."

Zuhura akatoa mkono majini, akaufuta kwenye gauni. Akageuka. "Mkhulu," akaanza, "uMama uthi..." yaani babu, mama anasema, na mzee akainama amsikie vizuri, kwa upole, kama babu yeyote anavyoinamia mjukuu.

Mashine ilitoa sauti kama mtu anayesaga mawe, ikafa. Boti ikageuka ubavu. Upepo nao ukawa umerudi, ukatusukuma na waya wetu, tukaburutwa mpaka tukakaa kwenye ulimi wa tope. Kambi ilikuwa ng'ambo kule, mahema kama vifuniko vya soda. Papa Dodo hatumwoni.

Topeni

Zuhura alianza kulia, nikamfunga jaketi lake la kuelea vizuri, akanyamaza. Mzee akainua mashine. Waya umejisokota kwenye panga la mashine mara nyingi, wenye kutu na miiba. Ukiiachia mashine inarudi chini. Mtu mmoja hawezi kuinua na kufungua.

Mzee akatazama angani. "Angekuwepo mtu wa kushika mashine hii," akaliambia anga.

Nikatazama tope. "Mtu angeambiwa, angeshika."

Upepo unavuma. Zuhura anatutazama zamu kwa zamu kama anatazama mpira.

"Mkamwana," mzee akasema. "Njoo ushike."

Nikaja. Nikashika. Mikono yake na yangu kwenye chuma kimoja, uso wake hapa na wangu hapa. Ana kovu kwenye nyusi, sikuwahi kulijua. Akachukua koleo kwenye boksi la ndoana, akaanza kufungua waya.

"Ulipouona kwa nini hukusema?"

"Nilisema."

"Ulimwambia mtoto."

"Ndiyo, baba."

"Anaendesha mtoto?"

"Anaendesha babu yake. Nakuheshimu."

Akavuta waya, mwiba ukamchana kidole. Akakilamba. "Basi nimeheshimiwa," akasema. "Tazama tulipo."

Sijui ni yale maneno au ni ile damu. Mdomo ukafunguka. Nikamwambia, "Zuhura haendi Handeni. Unaweza kunilaani hapahapa, lakini mwanangu haendi. Hukuniuliza. Hakuna aliyeniuliza. Nimemzaa mimi, nimemlea kwenye chumba kile, moto ulipowaka nilimfunga mgongoni akiwa na miaka sita nikashuka naye ngazi. Leo mnapanga kumpandisha basi kama furushi, na mimi nasikia kwa Papa Dodo kwenye kituo cha mafuta."

Nilisema mengi zaidi. Mengine siandiki, Mama Asha wetu wa saluni anasoma na watoto karibu.

Mzee aliacha kufungua waya. Alinitazama usoni, na mimi nikamtazama.

"Mimi ndiye nimeamua?" akauliza.

"Shabani kasema. Neno la baba halirudi."

"Shabani alinipigia simu." Alikuwa anasema polepole, kama anayepita gizani akipapasa ukuta. "Kaniambia mkewe halali. Kila siku analia, anasema baba aje amchukue mtoto kabla hatujachomwa, mimi siwezi tena. Nikauliza, ni mama mwenyewe anayesema? Akasema ni yeye mwenyewe, anaona haya tu kuomba. Nimeacha shamba halijalimwa, nimekaa kwenye mabasi mpaka miguu imevimba. Nimekuja kwa sababu umeniita."

"Sijakuita."

"Naona."

Tukabaki hivyo, nimeshika mashine. Ndugu zangu, mnajua mtu akikasirika na hasira ikakosa pa kwenda? Siku nzima nilitukana kisogo cha mtu asiye na kosa. Na yeye alikuwa amekaa mbele kule akidhani nyuma yake amebeba mama aliyemchoka mwanawe.

"Sasa sema wewe," akasema. "Bila mtu kati. Unataka nini?"

Swali dogo vile, jibu lake lina pande mbili. Maana moto ni kweli. Ule moshi niliuvuta mimi. Kuna siku namtazama Zuhura akienda shule nasema bora angekuwa mbali.

"Nataka abaki na mimi," nikasema. "Ikichafuka tena, nitamleta Handeni mwenyewe, kwa mkono wangu. Nitakupigia mimi. Asikupigie mwingine."

"Namba yangu unayo?"

"Sina."

"Miaka saba ya ndoa," akasema, akarudi kwenye waya wake.

Waya ulitoka lakini mashine haikuwaka, pini yake ilikuwa imekatika. Yule Kaburu mbusu-samaki ndiye aliyetuona. Alikuja na boti lake kubwa, akatufunga kamba, akatuvuta, huku anahutubia kwa Kiafrikaansi kuhusu uzio, nadhani. Alimuuliza Zuhura kama mzee ni baba yangu mzazi. Zuhura akauliza kwa nini. Akasema aliona kwa darubini tunavyogombana, watu wasio damu moja hawagombani hivyo.

Ufukweni Shabani alikuwa anageuza nyama. Akatuona tunapanda kwenye tope, mimi na baba yake, bega kwa bega, tunaongea. Alisahau kugeuza. Nyama yote ikaungua upande mmoja.

Mzee hakupiga kelele. Alinawa tope, akakaa, akamwambia, "Nilikupa mdomo wangu umpelekee mkeo, na yeye alikupa wake. Umeifanyia nini?"

Shabani akasema aliogopa. Akasema tangu meza iungue anaota Zuhura ndiye anayeungua, na alijua akiniambia nitakataa, na akimwambia baba bila kunitaja mimi, baba atakataa. Alilia. Papa Dodo akaenda kujifanya anatafuta chumvi. Nilimwamini kwamba anaogopa. Hasira haikupungua hata kidogo.

Kurudi

Kurudi hatukuharibikiwa na chochote, na njia ilikuwa ndefu zaidi. Mzee alikaa mbele, mimi nyuma. Nilikula nyuma ya kombi kama kawaida. Heshima yake sijaitupa. Shabani sikumsemesha. Nikitaka kitu nilimwambia Zuhura, "Mwambie baba yako alete maji," naye anajibu kupitia kwa Zuhura. Mtoto akachoka, akavaa vipokea sauti vya masikioni.

Siku ya mzee kuondoka watu wengi wa Handeni walikuja stendi kumsindikiza, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma karibu na mizigo. Mzee aliagana na kila mtu. Mguu ukiwa kwenye ngazi ya basi akageuka, akaita kwa sauti iliyopita juu ya vichwa vya wote.

"Mkamwana. Mtoto anabaki?"

Wanawake walionizunguka waliinamisha macho. Wanaume wakatazama viatu. Nikapita katikati yao mpaka nikaonekana.

"Anabaki, baba."

"Haya. Mmesikia kwa mama yake." Akapanda.

Mama mmoja wa kwetu alinivuta mkono akasema nimekosa adabu, kumjibu mkwe mbele za watu. Nikamwambia ampigie amuulize, namba ninayo.

Basi likatoka. Tulibaki watatu kwenye moshi wake. Shabani akajikohoza, akamgeukia Zuhura. "Muulize mama yako kama twende kwa miguu au tutafute teksi."

Zuhura akanitazama, mdomo wazi, tayari kuanza.

"Niulize mimi," nikamwambia Shabani.

Akaniuliza.